Kupima Siagi ya Mama

Karatasi haiwezi kukwambia mengi. Ukiidondoshea mafuta, yataacha doa linalopitisha mwanga, na doa hilo halikauki kama la maji, basi. Mafuta ya ng'ombe, ya alizeti, ya duka, yote ni hivyo hivyo. Ukiyatikisa kwenye spiriti kisha ukamimina juu ya maji, yote hugeuka meupe kama maziwa. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi wa maabara katika shule ya wasichana karibu na Merigi, na majaribio hayo niliyaandaa kila muhula. Kila muhula wasichana walishangilia yale maji meupe kana kwamba wameona muujiza. Mimi yaliniudhi. Mtu akiniambia haya ni mafuta, nataka ajue pia ni mafuta ya nini.

Kwa hilo kuna kipimo kingine, nilichofundishwa chuoni. Unachemsha mafuta pamoja na spiriti na kostiki soda, chupa ikiwa ndani ya maji moto kwa sababu spiriti hushika moto upesi, mpaka yawe sabuni. Halafu unatia asidi ya salfa polepole, unapasha tena, unanusa. Siagi ya ng'ombe hutoa harufu ya nanasi bivu, utadhani lori la nanasi kutoka Sigowet limesimama dirishani. Mafuta ya duka hayatoi kitu zaidi ya spiriti na asidi.

Mama alifariki mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea na chai ikichipua upesi kuliko tulivyoweza kuichuma. Sikulia. Kaburini nilikuwa nikifikiria jinsi nitakavyotoa matope kwenye viatu, na wiki iliyofuata nikarudi kazini kupanga chupa. Watu walisema nina moyo mgumu. Haukuwa ugumu. Ndani yangu palikuwa na ganzi tu, kama mkono uliolaliwa.

Mwezi wa nane wazazi wa mchumba wa mdogo wangu walikuwa waje nyumbani kwetu, upande wa Roret, kukamilisha maneno ya posa. Kwetu, siku hiyo mzee hupaka siagi kwenye paji la uso la binti na la wageni. Siagi hiyo, ambayo sisi huiita mwaita, ni lazima itoke kwa ng'ombe wa boma lile lile na itengenezwe na mama mwenye nyumba. Mama alikuwa ametuachia kibuyu kimejaa. Akiwa kitandani alimwambia mdogo wangu kwamba kiko darini, asikiguse mpaka siku yake. Kwa mdogo wangu, hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya mama kuwepo siku hiyo. Kila jioni alipanda ngazi kukitazama.

Aliyekifungua ni shangazi, dada ya baba, wiki moja kabla. Alichovya kidole, akakisugua, akanuna. Alisema siagi ni nyeupe mno na ngumu mno. Kunusa hakukusaidia, maana mama alikuwa na tabia ya kusugua vibuyu vyake kwa mkaa mpaka kila kilichoingia humo kikanukia moshi. Shangazi alisema kama ni mafuta ya duka, binti hapakwi uongo mbele ya watu. Heri wageni waambiwe wasubiri hadi mtamba wetu azae mwakani, yeye atengeneze nyingine. Mdogo wangu aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika, akatoka nje. Ndipo shangazi akanigeukia.

"Wewe ndio umesomea hii maneno," alisema. "Enda upime. Ukisema ni ya ng'ombe, mimi nitanyamaza."

Nilichota vijiko viwili kutoka katikati ya kibuyu, nikavitia kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi, nikaondoka navyo.

Jumamosi asubuhi maabara ilikuwa yangu peke yangu. Siagi ya kulinganisha nilipewa na mpishi wa shule, ambaye alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Ya mpishi ilitoa nanasi, wazi kabisa. Ya mama ilitoa spiriti, asidi, na moshi kidogo. Nikabadilisha chupa, nikarudia. Mara ya tatu nilinusa mpaka pua ikawasha. Niliandika "hasi" kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, nikaosha vyombo, nikala mkate kwa chai. Najua nilipaswa kuhisi kitu kikubwa. Nilichohisi ni ile hasira ndogo inayonipata nikikuta chupa imebandikwa lebo isiyo yake.

Nilirudi nyumbani alasiri nikiwa nimejiandaa kusema kweli, maana kipimo ni kipimo. Shangazi alikuwa mlangoni akichambua mboga. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kibuyu kwa mikono miwili.

"Ni ya ng'ombe," nikasema.

Shangazi aliniangalia, kisha akarudi kwenye mboga zake. Mdogo wangu alikaa chini pale pale, na kibuyu chake mapajani.

Siku ikafika. Baba mkubwa alimpaka binti, akawapaka wageni, akatupaka na sisi. Mdogo wangu alifumba macho, na baadaye akaniambia kwamba alisikia harufu ya mama. Nikamwambia vizuri. Niliinamisha kichwa zamu yangu ilipofika, nikatabasamu panapotakiwa, nikagawa chai.

Wageni walipokwisha kwenda, baba alikuja nilipokuwa nikiosha sufuria nyuma ya jikoni. Baba si mtu wa maneno. Aliuliza kama nilipima. Nikasema nilipima.

"Na haikuwa ya ng'ombe."

"Haikuwa."

Alivuta kigoda, akaketi. Alisema mama mwenyewe ndiye aliyenunua mafuta yale sokoni Roret na kuyajaza kibuyuni, alipojua hatapona.

"Hiyo miaka yako ya chuo, hakuna maziwa ililala kwa hii nyumba," alisema. "Asubuhi dairi, jioni dairi, yote iende karo yako. Ukimaliza, ng'ombe imezeeka na yeye ni mgonjwa. Angetoa siagi wapi?"

Nilisugua sufuria. Nikamuuliza kama mama hakuogopa kwamba mimi, kwa kazi yangu, ningekuja kujua.

"Nilimwambia hivyo," baba alisema. "Nikamwambia, huyu mkubwa atapima. Akacheka. Akasema, wacha apime, si ndiyo maana nilimpeleka chuo."

Alinyanyuka akaenda kufunga mtamba. Mafuta bado yalikuwa kwenye paji langu. Niliyagusa, nikanusa kidole. Moshi tu. Ndipo nikalia, miezi minne baada ya maziko, mikono yangu ikiwa ndani ya maji machafu ya sufuria.