Mimi Nilileta Paja

Ntirenganya alikuwa na ng'ombe watano huko milima ya Masisi, na katika hao wote aliyemwogopa ni mmoja tu, Bihogo. Asubuhi moja ya Oktoba 2001, alipokuwa akimkamua maziwa ya kutengenezea jibini, Bihogo alimpiga teke la paja. Paja likavimba, likatunga usaha, mpaka mke wake Dancille akampandisha kwenye lori la viazi wakateremka naye Goma, hospitali. Bihogo akauzwa dola mia na themanini kulipia upasuaji. Ntirenganya alipoletewa habari hiyo kitandani, alicheka mpaka mshono ukamuuma.

"Mwenye kosa amelipa mwenyewe," alisema.

Kidonda kilipona vizuri. Tumbo ndilo lililoharibika. Siku ya tisa ya sindano za antibiotiki alianza kuhara, tena akahara kwa bidii ambayo Dancille hakuwahi kuiona katika kazi yake nyingine yoyote. Wodi ilikuwa na vitanda ishirini, mabeseni mawili, na choo kimoja mwisho wa baraza, na maji ya bomba yalikuja yalipojisikia. Wagonjwa wanne wa upande ule walikuwa na hali hiyohiyo. Walijuana kwa mwendo, kabla ya kujuana kwa majina.

Chupa za seromu, yale maji ya kutundikwa mshipani, zilimla Gaju, ng'ombe aliyempenda kuliko wote. Safari hii hakucheka. Akapona, akarudi nyumbani, akakaa siku kumi na moja akijisifu kwa majirani, halafu tumbo likageuka tena na Dancille akamrudisha Goma. Dancille alipotaka kupanda Masisi kumwuza ng'ombe wa tatu, alikuta barabara imefungwa. Waasi walikuwa wanapigana na wanamgambo huko juu, na hakuna lori lililothubutu kupita Sake.

Sasa Ntirenganya alikuwa amepona bila kulipa, na mutu wa namna hiyo haruhusiwi kuvuka lango. Mlinzi alitaka karatasi ya kutokea, na karatasi ilikuwa kwa Onésime, karani wa hospitali, bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba sikio moja.

"Papa Onésime, mimi nimepona. Uniache niende."

"Muzee, wewe umepona, ni kweli. Franga ndiyo bado."

"Na nikikaa humu, hizo franga nitazitoa wapi?"

"Hiyo ni swali ya muzuri," alisema Onésime, akaandika kitanda cha siku hiyo.

Deni likapanda kila kulipokucha. Katikati ya Januari, akiwa bado amezuiliwa kwa ajili ya kuhara kwa zamani, alishikwa na kuhara kupya. Daktari Bénédicte, mama mmoja asiyezungusha maneno, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, Dancille akisimama kando.

"Dawa kali za kidonda ziliua vijidudu vizuri vya tumbo yako," alisema. "Kile kibaya kikabaki na nyumba nzima. Na humu kinatembea na mikono yetu na haya mabeseni."

"Sasa dawa yake ni nini, Dokta?"

"Ya kwanza ni kutoka humu."

Wote watatu wakamgeukia Onésime aliyekuwa akipita na daftari. Onésime alirekebisha kamba ya miwani, akasema kutoka kuna utaratibu wake.

Alhamisi, tarehe kumi na saba, mlima ulipasuka. Ntirenganya alikuwa chooni. Alisikia watu wakikimbia barazani, kisha Dancille akapiga mlango kwa ngumi.

"Toka! Volkano inakuja! Moto iko inashuka mjini!"

"Ngoja kidogo."

"Volkano haingojake!"

"Na hii pia haingojake!"

Walipofika langoni mlinzi alikuwa ameshatoroka. Ntirenganya akasimama palepale kwa mazoea, akitafuta wa kumwonyesha karatasi ambayo hata hakuwa nayo, mpaka Dancille akamsukuma. Wakaenda na umati kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, yeye akichechemea na kuomba njia kila kichaka. Mpakani, askari alimtazama uso mara moja tu, akampisha mbele ya watu wote.

Walilala kwenye uwanja wa shule. Dancille alichemsha maji, akayatia chumvi na sukari kama Bénédicte alivyomfundisha, akampikia uji wa mchele, na sabuni akaifunga kwenye kitenge chake ili isipotee. Hakuna mutu aliyegusa sahani bila kunawa, hata wageni. Siku ya nane Ntirenganya alikula maharagwe, akalisikilizia tumbo. Hakikutokea kitu. Akaomba mengine.

Mwezi wa tatu barabara ilifunguliwa, wakarudi Masisi. Kisha aliteremka Goma na Dancille kwa hiari yake, hakuna aliyemwita, akiwa na pesa za ng'ombe wa tatu mfukoni na jibini mbili chini ya kwapa. Hospitali ilikuwa imesimama, na Onésime alikuwa mezani pake. Fakture ya deni lake ilisema dola mia mbili na kumi na mbili.

"Ya kitanda nitalipa," alisema Ntirenganya. "Ya kuhara, hapana. Mimi nilileta paja. Tumbo nililipata kwenu."

"Muzee, hapa hatuna mahali pa kuandika maneno kama hayo."

Bénédicte aliitwa. Akasema kwamba tangu Septemba amehesabu wagonjwa kumi na mmoja waliopata ugonjwa huo ndani, kila mmoja akikalia kitanda majuma mawili zaidi, na magodoro sita yakachomwa moto.

"Kwa bei ya magodoro yale, Onésime, tungenunua mapipa ya maji na sabuni ya mwaka mzima."

Onésime alishika kalamu, akakata nusu. Ntirenganya alilipa, akamwachia jibini moja, na nyingine akampa daktari.

Nje, mvua ilikuwa ikinyesha na Dancille alikuwa ameshapatana na dereva wa lori la chumvi la Sake.

"Wamepunguza ngapi?" akauliza.

"Nusu."

Dancille akapanda juu ya magunia, akamvuta mkono.

"Ungeniacha mimi niingie," alisema.