Arlys wa Gari la Wagonjwa

Katika mji mdogo wa Vannoy, mashariki ya jimbo la Montana, Marekani, Arlys Brekke anajulikana kwa mkate wake wa mdalasini na kwa namna anavyoendesha gari la wagonjwa. Alipika shuleni miaka thelathini, na miaka hiyohiyo ndiye aliyekuwa akiitwa mtu akibanwa kifua au akishikwa na uchungu wa kuzaa njiani. Halipwi. Waliojitolea pamoja naye walikuwa kumi na wanne. Mmoja mmoja wakazeeka, wengine wakahamia mijini, hata msimu ule wa baridi wakabaki wawili: Arlys na Leland, mwenye duka la vipuri, tena Leland mwenyewe goti lilikuwa limemkataa.

Mwaka huo ukapelekwa muswada bungeni, wa kulifanya gari la wagonjwa kuwa huduma ya lazima kila wilaya, na jimbo kusaidia gharama. Bunge la Montana hukaa mara moja tu kila miaka miwili. Mbunge wao, Curtis Rostad, mkulima wa ngano, alikuwa kwenye kamati, na alishatangaza kwamba ataupinga.

"Curtis yupi? Huyu niliyemlisha mimi?" Arlys aliuliza.

"Huyohuyo," Leland akasema. "Pengine ulimnyima mkate."

"Nilikuwa namwongezea, mshenzi wewe!"

Basi akavaa koti lake la kanisani, akaendesha gari lake kwa muda wa saa saba kwenye theluji mpaka Helena, makao makuu ya jimbo. Ndani ya ukumbi wa kamati alisubiri huku wengine wakizungumzia kodi za nyumba, maji ya mito na simu za wanafunzi darasani. Kila mtu alipewa dakika mbili. Zamu yake ilipofika, akakunjua karatasi yake. Akasoma harakaharaka, akaruka mistari, akamaliza kabla ya wakati.

Curtis akasogeza kipaza sauti. Alikuwa mpole, hilo Arlys hakatai.

"Mama Arlys, kwa heshima zote. Mmeendesha gari hilo miaka yote bila sheria. Leo kumezuka nini?"

Arlys akavua miwani.

"Leo, mheshimiwa, Leland yuko hospitalini anapasuliwa goti, na mimi niko hapa mbele yako. Gari limefungwa. Nimewaarifu wapokea simu za dharura. Mama yako akianguka jikoni mchana huu, atafuatwa na gari la wilaya jirani, maili sabini."

Curtis akaangalia meza.

"Sijaja kukutisha, mwanangu," Arlys akaongeza kwa sauti ya chini. "Natafuta mtu wa kumwachia kazi."

Kamati iliupitisha muswada kwa tofauti ya kura moja. Kura ya Curtis ilikuwa hapana. Mwezi wa nne bunge zima likauangusha, eti gharama ni kubwa. Habari ilimkuta Arlys anakanda unga. Hakulia. Aliendelea kukanda, na siku hiyo mkate ulitoka mgumu kama kisigino.

Bunge lilipofungwa, akabandika tangazo posta: mafunzo ya huduma ya kwanza, Jumanne jioni, ukumbi wa chakula wa shule. Alipanga viti sita. Wakaja wawili: mwalimu wa muziki, na nyuma yake Curtis Rostad, kofia mkononi.

"Umepotea njia?" Arlys akamwuliza.

"Nilipiga kura ninavyoamini, Mama. Na bado naamini kila mji ujiamulie mambo yake."

"Vizuri. Kaa hapo basi, ujiamulie."

Alimfundisha bila huruma. Akamshikisha mwanasesere wa mazoezi, akamhesabia migandamizo ya kifua hadi jasho likamtiririka shingoni. Curtis alianguka mtihani wa kwanza, na mji mzima ukajua kabla hajafika nyumbani. Akarudia. Mwezi wa tisa akafaulu, na Arlys akamwokea mkate mzima.

Mwito wao wa kwanza pamoja ulikuja Oktoba, asubuhi. Bibi Opal Draper alikuwa ameteleza kwenye ngazi za banda la kuku, nyonga imevunjika. Curtis alishika usukani. Arlys alikaa nyuma, amemshika bibi mkono, akapima mapigo yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuwa na haja ya kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

"Curtis! Hili si trekta. Kanyaga!"

"Barabara ina mashimo, Mama."

"Barabara si kazi yenu nyinyi wabunge?"

Bibi Opal alicheka, kisha akaguna kwa maumivu. Mashamba ya ngano yaliyovunwa yakapita kila upande.

"Ule muswada," Curtis akasema, macho mbele. "Kuna mahali naweza kupunguza gharama. Sijui. Nafikiria kuuandika upya."

Arlys akamfunika bibi blanketi vizuri mpaka kidevuni.

"Fikiria," akasema. "Lakini kwanza geuka kulia."