Kidonge Alichonyimwa Rampai

Daktari alimwuliza Dada Rampai swali moja tu.

"Una kizazi?"

"Sina, Daktari."

"Sasa projesteroni ya nini? Kazi yake ni kulinda kizazi." Akamwita mgonjwa mwingine kabla Rampai hajasimama.

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika mkoba wake. Nikajiambia, hongera sana, mzee. Umesoma miaka yote hiyo ili umwambie mtu kwamba mwili wake ni chumba kitupu, na chumba kitupu hakihitaji taa.

Rampai alikwenda pale kwa sababu nafasi yake ya mbele jukwaani ilikuwa imeshikiliwa na uzi. Ndiye kiongozi wa wachezaji wetu katika kundi la mor lam, ngoma na nyimbo za kwetu kaskazini-mashariki mwa Thailand, huku Khon Kaen. Alikuja akiwa kijana mdogo kutoka mashamba ya mpunga ya Roi Et, na dada wakubwa wakamfundisha kama wao walivyofundishwa: meza vidonge vya kupanga uzazi, na kifua kisipotokeza, ongeza. Hicho ndicho chuo chetu sisi kathoey, wanawake ambao mkunga alikosea akatutangaza wavulana. Hatuna kingine. Ukienda hospitali, wanaanza kwa kuitana wote waje wakutazame.

Baadaye alifanyiwa upasuaji, akabaki na estrojeni, homoni ya kike ya kujipaka, na usingizi ukamhama. Daktari mmoja mama mtu mzima akampa kapsuli za projesteroni, ameze anapokwenda kulala. Rampai akalala. Ndiyo hivyo tu, hakuna muujiza: mwanamke alilala, akaamka, akacheka. Mimi nilizijaribu zikanipa njaa, nikavimba mashavu, nikaacha. Mwenzetu Sai anaapa zimemjaza kifua; sisi tunatazama, hatuoni kitu, tunanyamaza kwa adabu. Kila mwili na mambo yake. Wa Rampai ulizitaka.

Kisha yule mama akastaafu, na duka la dawa likaishiwa. Muuzaji akampa vidonge vingine.

"Ni ukoo mmoja, dada. Meza tu."

Ukoo mmoja! Mimi na kaka yangu askari pia ni ukoo mmoja, na bado mmoja wetu ana mbwa wa kumfukuza mwenzake.

Vile vidonge vilimgeuza Rampai. Akawa mzito, mwenye giza moyoni, analia akiosha sahani. Siku moja tuko mazoezini, mpiga ngoma akamtania, "Mama mkwe, leo umeweka miguu rehani?" Utani wa kila siku. Rampai alivua taji la manyoya akalibamiza sakafuni.

Taji haliwekwi hata kwenye kiti alichokalia mtu, seuze chini. Lina roho za walimu wetu waliotangulia. Mchezaji anaweza kumtukana mwenye kundi akasamehewa kabla ya chakula. Taji ni jambo jingine. Rampai mwenyewe alianguka magotini akalikumbatia.

Mama Bunpheng, mwenye kundi, hakupiga kelele. Alisema, "Siku ya kuwaheshimu walimu utaomba radhi mbele ya wote. Na utaacha madawa yako yote ya kujigeuza. Yote. La sivyo msimu huu hupandi gari letu."

Ndipo Rampai akaenda kwa daktari. Vile vidonge vya ukoo mmoja alikuwa ameshavitupa. Alichotaka ni zile kapsuli zake, na mtu wa kumwambia Mama kwamba kosa lilikuwa la dawa moja, si la yeye kuwa alivyo. Akapewa swali la kizazi.

Sasa sikilizeni. Mama alikuwa ametuagiza tupitie dirisha la dawa tumchukulie dawa zake, kwa sababu daktari wake ni huyohuyo. Hedhi imemkoma, joto linampanda hadi anajipepea kwa sufuria. Nikapokea mfuko, nikachungulia. Kapsuli zilezile! Umbo lilelile la duara, rangi ileile.

"Dada, tazama."

Rampai alitazama, akaufunga mfuko vizuri.

"Chukua chache, hatajua," nikamwambia.

"Mot, usinifanye mwizi. Nataka nipewe kama watu wanavyopewa."

Njia nzima nilimtukana daktari kwa niaba yake, maana yeye alikuwa anatazama nje ya dirisha la gari tu. Tulipofika nikalisimulia kundi zima, Mama akiwemo, lile swali la kizazi.

Siku ya walimu ikafika. Mataji yalipangwa juu kwenye meza ya kitambaa cheupe, na maua na mishumaa na vichwa vya nguruwe vilivyochemshwa. Rampai alitambaa kwa magoti na sahani ya maua, akainamisha paji la uso hadi mkekani.

"Walimu wangu, nililiweka taji lenu chini. Mkono ulikuwa wangu. Naomba radhi."

Alilia, na sisi tukalia. Mpiga ngoma alilia kuliko wote, mnafiki yule.

Mama Bunpheng akakohoa. "Na madawa?"

"Vile vibaya nimeviacha. Mengine siachi, Mama."

"Basi umeomba radhi nusu."

"Walimu hawajaniuliza habari ya dawa. Unaniuliza wewe."

"Nakuuliza kwa sababu zinakutia wazimu!"

"Zile kapsuli za usiku unazimeza za nini, Mama?"

Wachezaji wote wakageuka. Mama akawa mwekundu kama pilipili ya saladi ya papai.

"Usinilinganishe! Mimi nalala vibaya. Na mimi nina kizazi."

"Kwani anayelala ni kizazi, Mama, au ni wewe?"

Sai alicheka kwanza, puani, akaziba mdomo. Kisha bibi mpishi. Kisha ukumbi mzima, hadi mishumaa ikayumba. Mama alijitahidi kubaki na uso wa mwenye kundi, ukamshinda. Mabega yakaanza kumcheza. Akainuka, akachukua taji kwa mikono miwili, akamvika Rampai mwenyewe.

"Mbele," akasema. "Ila ukilia tena jukwaani, lia kwa mdundo. Na wiki ijayo tunakwenda wote kwa yule bwana daktari. Aniulize mimi hilo swali lake."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikawaka, nikidhani mambo yamekwisha.

Rampai hakupiga magoti kushukuru. Alinyoosha shingo chini ya yale manyoya, akamtazama Mama.

"Na kama wewe usingekuwa unazimeza, Mama? Leo ningekuwa wapi?"

Mama akawageukia wapiga ngoma akawaambia waanze.