Ombeni Zimee Kwanza

Leo Mama amewanyamazisha watu wa maombi hapa Kagio.

Asubuhi dada wa maabara alinipigia simu. Ati seli za uboho walizotoa kwa nyonga ya Mama zimekataa kukua, na zisipokua hawawezi kusoma kromosomu wajue ni kansa gani ya damu.

Mama alikuwa anamwagilia kitalu cha nyanya. Akauliza, "Kwani hawakuweka mbolea?"

Nikapiga simu nikauliza hivyo hivyo.

Dada akasema iko kitu kama hiyo, ya kukuza seli. Sampuli kidogo imebaki, wataiwekea leo.

Jioni watu wa maombi wakaja, wakaanza kukemea kila seli ya kansa ife.

Mama akafungua macho. "Zile za maabara, ombeni zimee kwanza."

Wakaacha kukemea. Halafu sote tukasema amina.

Nimeombea seli za kansa zimee, na bado mimi sihisi kitu. Nyinyi mngeitikia amina hiyo?