Jwa Malok na Sauti ya Nguzo

Shangazi Jwa Malok aliingia baharini mara ya kwanza kabla hajavunja ungo, na sasa ana miaka sabini na ushei, bado anaingia. Nchi kavu anagombana na magoti yake kila asubuhi, lakini akishatumbukia majini hutamjua. Anazama kwa pumzi moja, bila mtungi mgongoni, kama tunavyozama wanawake wote wa kijiji chetu hapa Jeju. Akiibuka anatoa ule mluzi wa pumzi, na mimi nautambua mluzi wake hata nikiwa jikoni.

Sijaona mtu anayeomba kama yeye. Mwezi wa pili wa mwandamo, Bibi wa Upepo, mungu wetu wa pepo na bahari, anapokuja kukitembelea kisiwa, Malok kwa kumheshimu hafui hata kitambaa. Siku hizo hatuzami. Tunamwachia mgeni bahari, apande mbegu za mwani na za konokono, kisha aende zake kwa amani.

Ndipo likaja jambo la mapangaboi makubwa ya kufua umeme kwa upepo. Serikali inataka kisiwa kiache umeme wa mafuta, na kampuni moja ikaomba kusimamisha nguzo nje ya miamba yetu. Wengi tuliridhia. Bahari siku hizi ina joto, mwani unakufa, mawe ya chini yamekuwa meupe kama mifupa. Tukasema, kama hili litasaidia, na liwe. Lakini pale mahali pa moto, tunapoota moto tukitoka majini, huwa hatuhesabu mikono. Akikataa mmoja, tumekataa wote.

Malok akaweka sharti. "Wajenge. Ila siku za Bibi, mapanga yaache kuzunguka. Mgeni akija kwako, unamfunga jiweni akusagie unga?"

Bwana Gil, mtu wa kampuni, alijikuna kichwa. "Mama, hizo ndizo siku zenye upepo kuliko zote. Tukiyazima siku hizo, tunajenga ya nini?"

"Hayo ni yako, mwanangu."

Bu Chunja, mwenyekiti wetu, akatupa glavu chini. "Dada Malok, utazikwa na ubishi wako! Mwani umekwisha. Bibi atapanda nini, mawe?"

"Wewe Chunja ulijua kupiga kelele kabla hujajua kuogelea. Ota moto."

Tulicheka. Chunja hakucheka. Sote tulijua kwamba tusipokubaliana, kampuni ingeondoka na nguzo zake, nasi tungebaki na bahari yetu inayokufa.

Malok naye alikuwa halali vizuri, maana aliniambia. Hakutaka kuwanyima watu, na hakutaka kumkosea Bibi. Mwisho akasema, "Basi nipelekeni nikaione ile nguzo iliyokwisha jengwa kijiji jirani."

Tulikwenda kwa mashua pamoja na Chunja na Bwana Gil, siku moja kabla ya Bibi kufika. Tulipokaribia, hata Chunja aliinua uso akatazama juu. Panga lilitoka kwenye wingu, likapita juu yetu polepole, likarudi winguni, na kivuli chake kikatupitia usoni. Nikajikuta nimeinamisha kichwa, kama niingiapo mahali pa sala. Malok alikuwa anavaa miwani ya kuzamia.

"Mama, maji ni barafu!" Bwana Gil alisema.

"Mwache," Chunja akamjibu. "Ukimzuia atakuzamisha wewe kwanza."

Nilimfuata. Ile nguzo ilishuka mpaka gizani, na juu ya chuma chake mwani mchanga ulikuwa umeshaota, unachezacheza. Malok aliweka kiganja, kisha sikio. Nami nikaweka langu.

Mungu wangu. Ilikuwa sauti nene, ikaniingia kwenye meno na mbavu. Haikuwa kelele ya injini. Kule juu upepo ukivuma, inapanda. Upepo ukitulia, inashuka. Nimeusikia upepo maisha yangu yote, kwenye paa na kwenye kuta za mawe. Sikuwahi kukutana nao chini ya maji. Mwili ulinisisimka nikasahau kwamba pumzi imeniishia, na ni Malok aliyenivuta mkono tukapanda.

Alipoibuka hakupiga mluzi. Alielea tu, mikono ameikutanisha kifuani.

Tulirudi ufukweni kwetu, tukaketi motoni.

"Dada?" Chunja aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilidhani wamemfunga Bibi," Malok alisema. "Hajafungwa. Anaimba. Anashuka mpaka kule chini, Chunja, ambako mimi miaka yote hii nilidhani nazama peke yangu." Akafuta macho. "Wajenge, na mapanga yazunguke hata siku zake. Nani anamnyamazisha mgeni wake?"

Bwana Gil alitutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo... mmekubali?"

"Baba, huna masikio?" Chunja akamwambia. "Nenda zako kabla hajabadili mawazo."

Kisha akamsogelea Malok, akauchukua ule mkono uliogusa nguzo, mkono uliokunjamana kwa baridi, akauweka kwenye sikio lake mwenyewe, akafumba macho.