Siku Nilipomfungia Stoo Msemaji wa Posa

Kuna watu Mururu ambao mpaka leo wakiniona napita wanatia mkono mfukoni kushika funguo zao, na mimi najua kwa nini, na wao wanajua kwamba najua, basi tunasalimiana kwa adabu na kila mtu anashika njia yake. Aibu ni yangu, siikatai, na ninyi afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale akina mama waliokuwa wanamenya ndizi siku ile.

Kazi yangu mnaijua kidogo. Niko maabara ya chuo kikuu, tunachunguza jinsi homoni zinavyopeleka habari mwilini na namna ya kuunda dawa za kuzikatiza zile habari zinapoleta ugonjwa, hasa saratani ya titi (kwa kweli siku nyingi kazi yenyewe ni kuosha vichupa na kungoja mashine, lakini nyumbani sisemi hivyo). Sasa Tantine Esperansi, mdogo wake mama, aliyenilea tangu tulipokuwa bado Bukavu kule Kongo, akapata ugonjwa huohuo. Walimpasua, wakatoa uvimbe, wakampa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka kadhaa. Nilipofika kwake Mururu kwa posa ya binti yake Solange nikakuta pakiti za vidonge zimelala juu ya kabati na vumbi lake. Alikuwa ameacha miezi miwili.

Nilishtuka, maana najua vile vidonge vinazuia nini. Nilimuuliza taratibu, akanijibu kwamba vinamletea joto mpaka jasho linamwagika katikati ya misa, na isitoshe uvimbe ulishatolewa.

"Kile kintu kilitoka, Clarisse," akaniambia. "Unataka nikunywe dawa ya kintu haiko?"

Ningemjibu palepale jikoni, sisi wawili, mambo yangeisha. Lakini nikaona nimweleze uani, mbele ya akina mama kama kumi na watano waliokuja kusaidia kupika, ili asiweze kunikatalia, na pia (niseme ukweli) nilitaka waone kwamba ile miaka yote ya shule haikupotea bure.

Pembeni mwa ua kuna stoo, na siku hiyo ilikuwa na kila kitu: makreti ya soda, masufuria ya nyama, madumu ya pombe ya ndizi, hata mavazi ya Solange. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, kufuli kubwa linaning'inia wazi. Nikalibana, nikachukua ufunguo wake, nikauinua juu kama padri na kuanza. Nikawaambia kwamba chembe za titi zina makufuli, na homoni ya kike ndiyo ufunguo. Ukiingia ukageuka, chembe inapata amri ya kuzaana, na kama kuna chembe mbaya imejificha mahali baada ya upasuaji, nayo inaamka. Ndiyo maana sisi watu wa dawa tunachonga ufunguo wa uongo, unaingia lakini haugeuki, unakaa pale umeziba tundu, na ule wa kweli ukija unakosa pa kuingia. Wakaguna kwa kuridhika, mmoja akaacha kabisa kumenya, na Tantine mwenyewe akasogeza kigoda.

Ningekomea hapo. Badala yake nikatoa ufunguo wa kabati langu la maabara, nikauchomeka, ukaingia vizuri kama umezaliwa mle. Nikasema mnaona, haugeuki, na ili waone kwamba kweli haugeuki nikaugeuza kwa nguvu zangu zote, ukakatika. Kichwa kikabaki mkononi mwangu, meno yakabaki ndani. Nikajaribu ufunguo wa kweli, ukagota. Somo lilikuwa limefaulu kupita kiasi.

Na hapo ndipo sauti ikatoka ndani ya stoo, ya upole kabisa.

"Bamaman, ni nani anafunga mulango?"

Alikuwa Mzee Gaspari, msemaji wa familia yetu, yule ambaye wakwe wakifika ndiye wa kujibizana nao mpaka binti atolewe. Alikuwa ameingia kimyakimya kukagua kama pombe imeiva. Wote walinitazama mimi.

Tulijaribu mafuta ya kupikia, kisu, hata pini ya nywele, na tukiwa bado tunahangaika magari ya wakwe kutoka Bugarama yakaingia. Wakaketi chini ya hema na suti zao, mezani hakuna hata soda. Msemaji wao akasimama, akasalimia vizuri, akauliza ni nani wa kumjibu. Tantine, bila kupepesa jicho, akawaambia Mzee wetu atawajibu kutoka alipo. Na Mzee Gaspari (ambaye kufikia hapo alikuwa ameonja vya kutosha) akajibu kupitia mlangoni kwa maneno matamu ajabu, hata wakwe wakadhani ndiyo desturi yetu sisi tuliokulia Kongo. Walipofika kwenye kumwomba binti, akakataa.

"Solange hatoki," akasema, "mpaka munitoshe mimi kwanza."

Alitaka atolewe stoo, basi ikabidi kueleza. Bwana harusi, ambaye ni fundi wa mitambo, akavua koti, akaletewa msumeno wa chuma na jirani, akakata kufuli mbele ya ukoo mzima huku jasho linalowesha shati lake jipya. Mzee akatoka anang'aa, akapigiwa makofi. Baba mkwe akauliza nani alifunga, na Tantine akaninyooshea kidole.

"Ni docteur wetu."

Nilitamani kubadilishana nafasi na pombe iliyobaki stoo.

Wageni walipoondoka, jirani akaleta kufuli jipya. Tantine akalishika, akalichungulia tunduni muda mrefu, kisha akaniita.

"Ufunguo yako ya uongo haiko mu hii."

Nikasema haumo.

"Na mwili inaweka kufuli mupya kila siku?"

Nikamwambia ndiyo, kila siku, na hata dawa yenyewe haikai, inatoka kidogokidogo, ndiyo maana lazima nyingine ije. Nikamwambia pia kwamba lile joto tutalipeleka kwa daktari wake pamoja, lisiwe sababu ya kuacha. Akaniagiza maji ya kunywa. Nilimletea nikikimbia, na alimeza kidonge chake mbele yangu, bila kunipa raha ya kusema lolote.

Kwa hiyo nimeapa. Kuanzia sasa kazi yangu nitaieleza kwa mdomo tu, mikono nyuma, na kabla sijaanza nitauliza kama kuna mtu ndani.