Maksi za Mzee Kornelio

Mzee Kornelio Qamara alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, na ndani yake aliwahukumu wapiga gitaa wa dunia nzima. Kila albamu ya roki iliyomfikia aliisikiliza mara tatu, akaiandikia maoni, akaipa maksi juu ya kumi kama mwalimu mkali wa hesabu. Tangu ujana wake alikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia ngano kule Mbulumbulu, na roki aliirithi kwa fundi mgeni wa matrekta aliyerudi kwao akamwachia kaseti kumi na moja ndani ya boksi la vipuri. Zilizotoka baada ya hizo aliziona takataka, na hakumficha mtu.

Mimi ni Modest. Nina kibanda hapa Karatu sokoni, naingizia watu nyimbo kwenye simu na flashi, kwa hiyo albamu mpya alizozichinja nilikuwa namtafutia mimi. Nilimchukia. Nasema mapema ili mtu asije akanihurumia.

Miaka minne iliyopita mimi na wenzangu wawili tulirekodi albamu yetu Arusha, nyimbo saba za roki kwa Kiswahili. Nilimpelekea Mzee Kornelio kabla hata ya mama yangu kuisikia. Jumapili, baada ya misa, kilabu ikiwa imejaa, akafungua daftari akasoma kwa sauti: "Gitaa limelala. Matoazi hayapo kabisa. Vijana hawa wanapiga roki kama watu wanaokoroga uji. Maksi mbili." Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe. Mwezi mzima nikipita njiani naitwa Uji. Nikauza gitaa, nikaifuta albamu kwenye kompyuta, na wenzangu nao wakafuta. Aliyejua roki wilaya nzima alikuwa yeye, nasi tulimwamini.

Sasa, watu wa huku wanajua kwamba kombaini huendeshwa kwa masikio. Beringi ikikauka hupiga mluzi mwembamba, na dereva asipozima mashine upesi, inashika moto pamoja na ngano. Msimu wa mwaka juzi kombaini ya Clemensi, tajiri wake Kornelio, iliwaka na kuteketeza ekari nne. Kornelio aliapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba haikupiga mluzi wowote. Clemensi akalaumu vipuri feki, akaitengeneza, lakini mwaka jana ulipokaribia mavuno alikuwa bado anasitasita kumrudishia usukani. Kornelio hakuwa na kazi nyingine, na shamba lake ni kipande cha mahindi mlimani kisichotosha hata kuku.

Kabla ya mavuno hayo aliniletea kaseti anayoipenda kuliko zote, nimhamishie kwenye flashi. Redio yake ya kaseti ilikufa zamani, na alikuwa hajaisikia kwa miaka kumi. Wimbo wake wa tatu unaanza na kikengele kidogo cha sauti nyembamba, peke yake, kabla gitaa halijaingia. Hadithi ya kikengele hicho tumesimuliwa hadi tukachoka.

Nilimhamishia vizuri. Halafu nikamdanganya. "Mzee, kaseti yako imeoza. Lakini wenyewe wameitoa upya, wameisafisha. Njoo Jumamosi usikie." Nilitaka aiponde albamu yake mwenyewe nami nimfanye kichekesho cha watu.

Jumamosi akaja, na Clemensi alikuwapo, ameleta simu yake. Kornelio akakaa kwenye kigoda mbele ya spika, akasikiliza albamu nzima amefumba macho. Ilipoisha alilifungua daftari kwa hasira. Akaandika, akasoma: "Wameiua. Matoazi wameyatoa. Kengele wameitoa! Maksi moja."

Nikacheka hadi nikashika meza, na wateja wakacheka nami. "Mzee, hiyo ni kaseti yako mwenyewe!" Nikaitoa kwenye droo nikampa. Nikarudisha wimbo wa tatu, nikaongeza sauti.

Kikengele kikalia. Leonida, muuza viazi wa nje ya kibanda, akainua kichwa. "Kizuri hicho," akasema, "kama cha mbuzi."

"Kiko wapi?" Kornelio akauliza.

Nikarudia. Akasogeza sikio hadi likagusa spika. "Kiko wapi?" Nikarudia tena. Hapo watu waliacha kucheka. Mimi sikuacha.

Clemensi hakuwa amecheka hata mara moja. Alimgeukia dereva wake, akasema polepole, "Kwa hiyo ule mluzi ulilia." Akachukua simu yake akaondoka.

Wiki hiyohiyo kombaini ilikabidhiwa Adrian, kijana kutoka Mbulu. Kornelio akapewa sindano na uzi, awe anashona magunia nyuma ya mashine aliyoiendesha miaka thelathini. Nilikwenda makusudi kumtazama. Nilifurahi, na usiku nililala vizuri.

Baada ya mavuno alikuja kibandani na daftari lake. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Akakaa kwenye kigoda kilekile.

"Nimehesabu, Modest. Miaka sita nimekuwa naandika 'matoazi hayapo'. Albamu thelathini na nane. Kumbe yalikuwapo." Akafungua kurasa. Maksi zote hizo alikuwa amezikata kwa rula, akaacha nafasi pembeni. "Kazi imekwenda, basi. Lakini hawa watu nimewaonea, na hawakunikosea kitu. Zisikilize wewe, uniandikie haki yao."

Akalaza daftari mbele yangu, akaniwekea kalamu juu yake. Ukurasa alioufungua niliujua. Neno "uji" lilikuwa limekatwa mara mbili.

"Tuanze na yenu," akasema.

"Sina, Mzee. Niliifuta."

Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaniinamia, anatabasamu kwa adabu.

"Unasemaje?"

Ikanibidi niseme tena kwa kupaza sauti, na soko zima likageuka.